Yunju Alifunga, Mama Akanyamaza

Mimi ni muuza staftahi, kwa hiyo mtu akiniambia hali kitu asubuhi ananitukana mimi, mama yangu, na marehemu baba aliyelifungua duka hili. Tuko mji wa Yuanlin, kona ya nyuma ya stesheni. Tunafungua kabla jua halijatoka, tunafunga watu wanapoanza kuwaza chakula cha mchana. Chapati za mayai, mkate wa figili wa kukaanga, maziwa ya soya ya moto na ya baridi, basi. Mwaka ule nusu ya makarani wa benki ya jirani waliacha kuja. Nikaambiwa ni mtindo mpya: unafunga kula kwa saa kumi na sita, unakula ndani ya saa nane zilizobaki, unapungua. Niliwaita wendawazimu mbele ya yeyote aliyetaka kusikia. Kumbe mwendawazimu mmoja nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega, anavunja mayai.

Huyo ni wifi yangu Yunju, mke wa mdogo wangu Jinde. Mwembamba tangu alipoletwa; Mama alipomwona mara ya kwanza aliniuliza pembeni kama kwao kuna njaa. Mchapakazi, hana maneno mengi, na akicheka anaficha meno kwa kiganja. Wameoana miaka minne na mtoto hakuna. Jinde ni mtu wa malori, anapeleka kabeji Taipei usiku na kulala mchana. Ukimuuliza jambo leo anakujibu kesho. Mtoto akija atafurahi, asipokuja atalala. Lakini Yunju alitaka mtoto kuliko kitu kingine chochote duniani. Siku moja upepo uliangusha nguo za mtoto wa jirani uani kwetu, nikamkuta anazikunja, anazikunjua, anazikunja upya. Nikarudi ndani nisimwaibishe.

Kila mwezi ilikuwa hivyo hivyo. Anasimama mlango wa jikoni, anasema kwa sauti ya chini, "Mama, imekuja." Mama anaitikia, "Haya." Siku zake zikiisha, Mama anamchemshia supu nyeusi ya mizizi ya dawa, ya kurudisha damu, Yunju anainywa amekunja uso. Siku mbili nyumba nzima hatusemi kwa sauti. Hakuna aliyemlaumu, lakini kutolaumiwa nako kuna uzito wake.

Sasa sikukuu ya mwaka mpya, mezani, shangazi yetu mmoja asiyejua kufunga mdomo akamwangalia Yunju akasema, "Mafuta ya tumboni ndiyo yanayoziba. Punguza, utashika mimba." Mafuta gani? Mtoto wa watu ungeweza kumhesabu mbavu. Nikamwambia shangazi ajipunguze yeye kwanza, meza ikacheka, nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Baada ya wiki chache karani mmoja wa benki, mama mnene mwenye moyo mzuri, alituletea wali wa mafuta na mayai mekundu, desturi yetu ya kusherehekea mtoto mchanga akitimiza mwezi mmoja. Miaka mingi huyu mama hedhi yake ilikuwa ikija inapotaka, mara mwezi huu, mara baada ya miezi mitano. Yunju akamfuata hadi mlangoni.

"Dada, ulifanyaje?"

"Nilifunga tu, mdogo wangu. Nikapungua kilo kadhaa, siku zikanyooka, huyu akaja."

"Kufunga tu?"

"Kufunga tu. Na vidonge vya daktari kidogo."

Yunju alisikia kufunga, vidonge hakuvisikia. Mtu husikia anachokitafuta.

Akaanza. Anakula mchana na alasiri, jioni anafunga kinywa. Halafu anaamka na sisi gizani, anasaga soya, anakanda unga, anakaanga mayai ya watu mia na zaidi, harufu yote ile puani mwake, na haonji hata kipande. Kwa Mama hilo ni kosa kubwa. Sheria ya Mama ni moja: hapana kushika kazi kabla hujatia kitu tumboni. Kwa hiyo Yunju alificha. Mama akimsogezea bakuli anasema, "Nimeshakula, Mama," au, "Tumbo limechafuka kidogo, nitakula baadaye." Haya yote alinisimulia mwenyewe mambo yalipokwisha haribika. Wakati ule nilikuwa namwona tu, na kuona si kujua.

Mwanzoni alifurahi. Alijiona mwepesi, akili imetulia, suruali zinalegea. Kufikia machipuko damu ikapungua, ikawa ya siku mbili, ikawa ya kutia alama tu. Mwezi wa tano haikuja kabisa. Akapanda pikipiki hadi duka la dawa la mji wa pili, asionekane, akanunua kipimo cha mimba, kile cha mistari miwili ukiwa nayo. Mstari mmoja. Baada ya wiki akanunua kingine. Mstari mmoja. Mtu mwingine angeenda hospitali. Yeye alisoma kwenye simu maneno ya mwanamke asiyemjua, kwamba mwili unajisafisha na siku zitarudi zikiwa bora kuliko zamani, uvumilie tu. Akaongeza saa mbili za kufunga.

Sasa tazama upande wa Mama. Mkaza mwana hajaja mlangoni kusema imekuja. Mwezi mwingine ukapita, hajaja. Asubuhi anakataa chakula. Anasema tumbo limechafuka. Uso umepauka, akiinuka haraka anashika ukuta. Mama amezaa watoto wanne na kuzika wawili; haya mambo hafundishwi na mtu. Furaha ilimjaa hadi puani.

Na hakusema neno. Kwetu mimba haitajwi kabla ya miezi mitatu. Mtoto akiwa mchanga hivyo roho yake haijatulia mwilini, inakaa nyumbani: leo kitandani, kesho jikoni, keshokutwa mlangoni, na kalenda ya ukutani inakuonyesha iko wapi. Ukitaja mapema unaikimbiza. Ukigonga msumari ilipo, ukisogeza kabati, ukikata kitambaa juu ya kitanda, mtoto anaharibika. Mama mwenyewe anaamini mmoja wa wale wawili alimpoteza kwa sababu baba alitoboa ukuta kutundika saa. Mambo kama hayo huwezi kubishana nayo.

Alinivuta nyuma ya friji. "Ndoo za soya usimwachie Yunju abebe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema." Kisha akaweka kidole mdomoni, macho yanacheka. Nikaelewa nilichotakiwa kuelewa. Nikafurahi, nakiri, nami ni mtu. Niliolewa nikarudi mikono mitupu, mtoto wa ndugu yangu angekuwa wangu vilevile.

Mwezi wa saba kimbunga kikararua turubai la mbele ya duka. Jinde akaamka, ajabu, akachukua nyundo na misumari. Mama akamsimamia kwenye ngazi.

"Weka chini."

"Mama, wateja watalowa."

"Walowe."

"Watalowa na chapati zao."

"Waje na miavuli. Hapa hapagongwi kitu." Jinde hakuuliza sababu, kazi ikimkimbia yeye haifukuzi. Akarudi kulala, na wateja wetu wakala chini ya miavuli mwezi mzima. Mwalimu mmoja mstaafu akaniuliza kama tumefilisika. Bamba jipya la kukaangia tulilokuwa tumelinunua lilikaa uchochoroni limefunikwa gunia, kwa sababu kuling'oa la zamani ni kulitikisa jiko, na kwa mujibu wa kalenda jikoni palikuwa pabaya karibu kila wiki.

Yunju naye aliona. Aliona ndoo zinachukuliwa mikononi mwake. Aliona anaambiwa akae, apumzike, aachie wengine. Zaidi ya yote aliona kwamba Mama, ambaye miaka minne amekuwa akimtazama usoni kila mwezi, sasa hamtazami wala haulizi. Unajua alielewa nini? Alielewa Mama amekata tamaa naye. Anapunguziwa kazi taratibu kama mtu anayeandaliwa kuondoka. Wanawake wa kizazi cha Mama wamewahi kurudisha wakaza wana kwao kwa kosa la tumbo kuwa tupu, na Yunju alizijua hadithi hizo. Kwa hiyo alifanya la pekee aliloliona mkononi mwake. Alifunga zaidi. Chakula chake kikawa bakuli moja la mchana na tunda la alasiri.

Ndiyo hivyo. Yunju kadiri alivyonyamaza na kufunga, Mama aliona dalili zaidi, na Mama kadiri alivyonyamaza, mwenzake alifunga zaidi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, ila hawakusema mshindo wenyewe unachukua muda gani kufika.

Kuna siku nilimshika mkono kumpa kisu, kiangazi kikali, na mkono ulikuwa wa baridi.

"Wifi, unakula wewe?"

"Nakula."

"Unakula nini, hewa?"

Akacheka, kiganja mdomoni. "Hewa ya bure, wifi. Dukani kwenu vingine mnauza." Nikamwona nywele zimeanza kukonda pale kwenye mstari wa kuzigawa kichwani. Nikajiambia ni kichefuchefu, mimba nyingine ndivyo zilivyo.

Miezi mitatu ya Mama ilitimia siku ya mapumziko. Alichemsha kuku mzima, akapanga machungwa, akavaa blauzi yake ya harusi za watu. Akawasha vijiti vya udi mbele ya picha ya baba kwenye meza ya mababu, akachukua vile vibao viwili vya kupigia ramli. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nakata kucha.

"Mzee," Mama akasema, na kwa baba husema kama anamwita kutoka chumba cha pili, "mjukuu yuko njiani. Ametimiza miezi mitatu. Niambie mvulana au msichana, niache kuhangaika."

Akavirusha. Vikaanguka vyote chali. Kwetu hiyo maana yake mababu wanacheka. Akarusha tena, vikacheka tena.

"Unacheka nini? Nakuuliza jambo la maana."

Yunju alikuwa ngazini na kapu la nguo. Sikuwa nimemwona. Aliliweka kapu chini polepole akauliza, "Mama, mjukuu gani?"

Mama akageuka. Bado alikuwa anatabasamu. "Usiogope, mwanangu, sasa tunaweza kusema. Miezi imepita."

"Sina mimba, Mama."

"Utakosaje? Huendi mwezini tangu..."

"Siendi mwezini kwa sababu sijui. Nimepima mara tano. Sina." Halafu yakamtoka yote kwa mkupuo, shangazi, karani, saa kumi na sita, saa kumi na nane, bakuli moja la mchana. "Nilikuwa nafunga, Mama, ili nipate. Nilidhani umenichoka."

Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki. Udi ulikuwa bado mkononi mwake, majivu yanadondoka kwenye ile blauzi. Akasema, si kwa hasira:

"Kila asubuhi ukiosha vyombo nimekuwa nikisimama nyuma yako nikimsalimia mjukuu wangu kimoyomoyo. Kumbe naisalimia njaa."

Yunju akaanza kulia. Nami, kwa kuwa nikihuzunika hukasirika, nikamwambia, "Wifi, mficha uchi hazai." Ni methali tu, tunaisema kila siku kwa mtu anayeficha shida zake. Lakini kwake ilipenya mahali pabaya, nikaona inavyopenya, na nikajutia ulimi wangu palepale. Kuku hakuliwa na mtu siku ile.

Kesho yake tulifunga duka, jambo ambalo hatukufanya hata baba alipougua, tukaenda watatu kwa pamoja, mimi, Mama na yeye, hadi kliniki ya kina mama. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya kuchoka. Akamtoa damu, akampima tumbo kwa mashine, akamuuliza anaamka saa ngapi, anabeba nini, anakula nini. Majibu ya damu yalipotoka tukaitwa tena.

"Homoni zako zimeshuka," alimwambia. "Ziko chini kama za mwanamke aliyekwisha koma hedhi. Mayai kupevuka ni amri inayotoka kwenye ubongo. Ubongo ukiona kazi ni nyingi na chakula hakitoshi, unaacha kutuma amri. Hauna haja ya kukuuliza unataka mtoto kiasi gani."

Mama akaingilia. "Lakini yule wa benki alifunga akazaa. Mayai yake mekundu tumeyala."

"Mama, huyo alikuwa na ugonjwa mwingine na uzito wa kupunguza. Kwake kupungua kulisaidia. Wapo wanaofunga hivyo na hedhi zao hazibadiliki hata kidogo. Huyu alikuwa hana akiba mwilini, na anafunga saa zilezile anazofanya kazi ngumu. Dawa ya mwenzake kwake imekuwa sumu."

"Zitarudi?" Yunju akauliza.

"Kwa wengi hurudi wakila vya kutosha. Lini, siwezi kukuahidi."

"Na mtoto?"

"Yai likirudi tutazungumza habari za mtoto. Sasa hivi, kila mwezi uliofunga ulikuwa mwezi usio na yai. Hakukuwa na cha kutunga mimba."

Yunju aliitikia kwa kichwa kana kwamba anaambiwa bei ya kitu. Nje, kwenye pikipiki, ndipo aliponiambia, "Wifi, ile miezi yote niliitupa mwenyewe." Ni kweli aliitupa, na ni kweli tulimsaidia kuitupa.

Watu hudhani kula ni kazi rahisi. Mwanamke aliyejizuia miezi mingi akiwekewa bakuli la uji alfajiri analitazama kama deni. Yunju alikula huku machozi yanamshuka. Suruali zikaanza kubana, akanijia chumbani na zipu mkononi, anaogopa kwamba shangazi alikuwa sahihi. Nikamwambia shangazi hajawahi kuwa sahihi tangu azaliwe. Mama alikaa naye kila alfajiri, anapuliza uji wake, hadi bakuli la mwenzake linapoisha, ndipo tunafungua mlango. Wateja wakipiga kelele nje, wanapiga.

Ila Mama alibadilika jambo moja. Aliacha kunyamaza. Mambo yaliyokuwa ya mlango wa jikoni sasa anayauliza mbele ya bamba, foleni imesimama, "Yunju, bado?" Na Yunju, masikio mekundu, "Bado, Mama." Mwezi wa tisa bado. Wa kumi bado. Yule mwalimu mstaafu akaniuliza wanasubiri mzigo gani.

Majira ya baridi yakaingia. Daktari akasema damu inaonyesha homoni zinapanda kidogo, tuvumilie. Yunju aliacha kwenda kwa karani kuuliza mambo. Aliacha pia kusoma ile simu. Alinenepa mashavu, nywele fupi fupi zikachipua pale kwenye mstari, lakini jibu lake lilikuwa lilelile, na kila alipolitoa sauti yake ilipungua. Mimi kimoyomoyo nilikuwa nimeanza kuzoea kwamba haitakuja.

Asubuhi moja ya mvua, foleni hadi barabarani, Yunju alikwenda msalani, akakawia. Nikawa navunja mayai yake na kukaanga yangu, natukana chini kwa chini. Aliporudi alisimama mlango wa jikoni, hakuja kwenye bamba. Uso wake sikuujua.

"Mama," akasema, "imekuja."

Miaka minne neno hilo lilikuwa msiba wetu wa kila mwezi. Mama aliweka chini jagi la soya, akajifunika uso kwa aproni, akalia kwa sauti. Yunju akalia. Mimi niliendelea kugeuza chapati kwa sababu foleni ni foleni, na chumvi siku ile sijui niliitia mara ngapi.

Mwalimu mstaafu akanyoosha shingo. "Samahani, kuna msiba?"

"Hapana, mwalimu," nikamwambia. "Wifi yangu ameingia mwezini."

Akatazama viatu vyake, akachukua chapati yake, akaondoka na mvua.

Mtoto hajaja mpaka leo ninapoyasema haya. Huenda akaja, huenda asije, daktari hajaahidi nasi hatumlazimishi. Lakini asubuhi ile hakuna aliyeulizia mtoto. Mama alijifuta macho, akamshika Yunju bega akamsukuma hadi kwenye kiti cha kwanza mbele ya wateja, pale wanapokaa wanaolipa.

"Kaa," akamwambia. "Hawa watasubiri."